Jina Ndani ya Kofia

Wanawake walipomchagua Wanu Ahmada akawasemee mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, kila mmoja mle ukumbini alijua mume wa Wanu anauza nini, na hakuna aliyelitaja. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka nyumbani kwake Mpendae, kila mtu na kofia yake mapajani, sindano zikizama na kuibuka kwenye kitambaa cheupe huku maneno yakiendelea. Nassra, katibu wa kikundi chao cha washona kofia, alikuwa ameishika rasimu ya kanuni mpya kama mtu aliyeshika samaki, hajui kama ameoza au bado.

"Serikali inataka kulinda bidhaa za mkono za wajasiriamali wadogo," alisema. "Humu mna sabuni za mwani, mna viungo, mna kazi za ukili mpaka makawa ya kufunikia chakula. Kofia hazimo."

"Hazimo kabisa?" Wanu aliuliza.

"Nimeisoma mara mbili, shoga yangu. Sisi hatumo."

Jambo lenyewe lilikuwa halihitaji maelezo kwa waliokaa pale. Kofia ya viua, ile yenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, humtoa mwanamke macho miezi miwili na zaidi, akishona kati ya kupika na kuosha watoto. Za mashine zilikuwa zinaingia bandarini marobota kwa marobota, zinapangwa rafu moja na za mkono, zinaitwa jina lile lile, kofia ya Zanzibar. Mnunuzi akilipa bei ya mkono akapewa ya mashine, uzi ukaanza kufumka baada ya kufuliwa, huwalaani washonaji wa Unguja ambao hata hawakuigusa. Wanawake walitaka jambo dogo: kila kofia itakayouzwa iwe na lebo inayosema imeshonwa kwa mkono au kwa mashine, na jina la kofia ya Zanzibar wabaki nalo wanaozishona hapa.

Nassra mwenyewe angefaa kusema, ila akikasirika hulia. Wengine walisema wao midomo yao ni mizito mbele ya wakubwa. Wanu alikuwa na sauti ya chini isiyokimbia, na akianza sentensi huimaliza. Basi wakamchagua, naye akakubali, na wote wakarudi kwenye sindano zao haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Walipokwisha kuondoka, mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi, aliita kutoka kwenye kona yake. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemzuilia kushona mwaka wa pili sasa. Kazi yake ilikuwa kukunjua nyuzi na kuwazungushia wenzake kwenye vijiti.

"Umekubali," alisema. "Kheir umemwambia?"

"Bado, mama."

"Mwambie kabla hajaambiwa."

Lakini mtaa ulikuwa umeshamtangulia.

Ijumaa ile, baada ya sala, Kheir, mume wa Wanu, alikaa kwenye mkeka akavuta sahani ya wali na mchuzi wa pweza, akala matonge machache. Alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu safi siku zote, na duka lake la Mchangani alilirithi kwa baba yake likiwa na rafu mbili tupu na deni la umeme. Sasa lilikuwa limejaa kofia mpaka dari.

"Nasikia umekuwa mwanasiasa," alisema.

"Wamenichagua nikaseme. Kama hutaki niende, nambie."

"Mimi sikukatazi, Wanu. Nenda. Lakini kaombeni mikopo. Kaombeni cherehani, kaombeni banda la maonyesho. Hivyo hutolewa, na picha mtapigwa. Hiyo habari ya lebo iacheni." Alifuta vidole. "Katika kofia nnazouza, za mkono hazijazi hata rafu moja. Kodi ya duka inalipwa na za mashine. Ada ya mwanetu Sumaiya chuoni inalipwa na za mashine. Huu wali."

"Najua."

"Basi kama unajua?"

"Hatuombi zikatazwe. Tunaomba ziitwe kwa jina lake."

Kheir alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. "Mnunuzi akijua ni ya mashine, ataitaka kwa bei ya mashine."

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima. Wanu alimtazama, naye akaitazama sahani. Wanu angeweza kumuuliza pale pale yeye huziuza kwa bei gani. Badala yake alijiambia kuwa wenye maduka wote husema hivyo, akainuka kumletea maji ya kunawa.

Kabla ya kufika kwenye kamati ilibidi maoni yao yapokewe kwa maandishi katika ofisi moja ya mjini. Mara ya kwanza waliambiwa karatasi haina muhuri wa kikundi. Wakaenda kuchonga muhuri. Mara ya pili waliambiwa mpokeaji yuko semina, na alipoulizwa atarudi lini, msichana wa mapokezi alisema semina ina siku zake. Mara ya tatu walimkuta mtu, bwana mmoja mwenye tumbo na miwani, akawauliza viongozi wao wako wapi.

"Sisi ndio viongozi," Nassra alisema.

"Nauliza wanaume. Wa kutia saini."

"Tumeshatia sisi," Wanu alijibu. "Iko ukurasa wa mwisho."

Bwana yule aliigeuza karatasi, akaitupia macho, akaomba kuona hiyo kofia inayopigiwa makelele. Nassra akamkabidhi moja aliyoimaliza wiki ile, nyeupe yenye viua vya rangi ya maziwa. Bwana akaivaa. Akajitazama kwenye kioo cha simu, akamwita mwenzake wa meza ya pili aone alivyopendeza, wakacheka, akagonga muhuri wa kupokea na kuwaambia watapigiwa simu. Kofia ilibaki kichwani.

Walitoka mpaka kwenye ngazi. Hapo Nassra akaanza kulia kimya kimya, akiyafuta machozi kwa pembe ya mtandio.

"Nimwambie nini, Wanu, mtu mkubwa vile? Ataichana karatasi yetu."

Wanu alirudi ndani peke yake. Alisimama mbele ya meza ya yule bwana, mikono ameifumbata, akamtazama kwa heshima zote anazoweza mtu kumtazama nazo mwenziwe. Bwana alimuuliza kuna nini tena. Wanu akaendelea kusimama. Watu wa meza nyingine waliacha kuandika. Hatimaye mkono wa bwana ulipanda kichwani wenyewe, ukaivua kofia na kuiweka juu ya meza.

"Nimesahau," alisema.

"Hutokea," Wanu alisema, akaichukua.

Simu ilipigwa kweli. Ukumbi wa kamati kule Chukwani ulikuwa na baridi ya kiyoyozi hata Nassra akajifunika mtandio mpaka kidevuni. Wadau walikaa upande mmoja, wajumbe upande wa pili, na mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, aliwaonyesha wageni namna ya kubonyeza kitufe cha kipaza sauti.

Wa kwanza kusema alikuwa Sabri, aliyewasemea wafanyabiashara wa kofia na nguo. Ndiye aliyekuwa akiagiza marobota na kuwagawia wenye maduka madogo, Kheir akiwa mmoja wao, wauze kwanza walipe baadaye. Alisema vizuri, na hakuwatukana washonaji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mtoto wa maskini naye anataka kofia siku ya Idi. Ya laki na nusu haiwezi. Ya elfu kumi anaiweza. Tukianza kuibandika lebo ya kuionyesha kuwa ni duni, tunamwonyesha huyo aliyeivaa. Na vijana wanaouza kwenye haya maduka, nao ni wajasiriamali wadogo. Wasisahauliwe."

Wajumbe kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Zamu ya Wanu ilipofika, alibonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, na kwa mara ya kwanza maishani akaisikia sauti yake ikitoka ukutani.

"Alivyosema Bwana Sabri kuhusu mtoto wa maskini ni kweli. Wadogo zangu walivaa hizo na wakapendeza. Sisi hatusemi ni duni. Tunasema si zetu." Akaeleza kofia inavyochorwa kwa kalamu kabla ya kushonwa, miezi inayokwenda, na namna wanawake wanavyoacha kazi mmoja mmoja kwa sababu mnunuzi anaona bei mbili za kitu anachodhani ni kimoja. Akataja wanachokiomba. Alimaliza bila kukwama, na Nassra pembeni yake akavuta pumzi.

Ndipo mjumbe mmoja kijana, Mheshimiwa Usi, mwenye tabia ya kutabasamu kabla ya kuuliza, alipotoa kofia mbili kutoka kwenye mkoba wake, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni. Mhudumu akazipeleka mbele ya Wanu.

"Bibi, wewe ni fundi," alisema. "Moja ya mkono, moja ya mashine. Usizitoe mfukoni, maana dukani mnunuzi hafunguliwi. Tuonyeshe ya mkono."

Wanu alizitazama. Aliziinua kwenye mwanga, moja kisha nyingine. Nailoni ilikuwa inang'aa, na kazi za zote mbili zilikuwa safi. Ukumbi mzima ulimngojea. Akaiweka ya kulia mbele.

"Hii."

Mheshimiwa Usi alitabasamu zaidi. "Hiyo ni ya mashine. Nyingine ameishona shangazi yangu." Kicheko kilipita mezani, si cha ubaya, lakini kilikuwa kicheko. Sabri hakucheka. "Na mimi mwenyewe sikujua," mjumbe aliendelea. "Hiyo uliyoichagua nimeinunua juzi Mchangani, laki moja kamili. Muuzaji aliniambia ameishona mke wake. Shangazi ndiye aliyeitoa mfukoni, akaigeuza ndani, akanionyesha. Sasa swali langu, Bibi. Kama fundi mwenyewe hajui tofauti, lebo ya nini? Si tukubali tu mashine zimeshafika?"

Masikio ya Wanu yalikuwa yanawaka moto. Aliiinamia ile kofia iliyomuumbua, na hapo akaona, kwenye pembe ya mfuko, kikaratasi cha rangi ya zabibu chenye kingo za mawimbi. Alikijua. Alikikata yeye mwenyewe, pamoja na vingine vingi, kwa mkasi wake wa kazi, Kheir alipotaka mifuko ya duka lake iwe na kitu cha kuitambulisha.

Aliinua macho. Nassra alikuwa ameshakiona pia, mkono umemganda kwenye mtandio. Sabri alikuwa anaitazama meza. Watu watatu tu ndio waliokuwa wanajua mle ndani, na wawili wasingesema. Wanu angeweza kuurudisha mfuko kwa mhudumu, akasema mashine kweli zimeendelea, akaomba mikopo na cherehani.

Akabonyeza kitufe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekosea. Nimeanza kushika sindano sijang'oka meno ya utoto, na leo nimedanganyika mbele yenu. Nakubali. Ila naomba nimwambie Mheshimiwa ni nani aliyemuuzia. Duka hilo ni la mume wangu. Huyo mke aliyetajwa ni mimi. Na kofia hii sikuishona."

Akausukuma mfuko katikati ya meza.

"Mume wangu si mwizi. Ana duka dogo, kodi kubwa, na anauza kinachouzika. Hakuna kanuni inayomuuliza kitu. Neno moja la mdomoni linatosha kuifanya kofia ya elfu kumi iwe ya laki. Hiyo pesa inayozidi hapo katikati ni jina letu: langu, la huyu mwenzangu, la mama mkwe wangu ambaye macho yake yamekwisha kwa kazi hii. Linauzwa, na sisi hatumo. Mheshimiwa ameuliza lebo ya nini. Ni ya hiyo. Mimi ni fundi, na ni mke wa mwenye duka, na nimeshindwa kuijua. Nani mwengine atakayeijua?"

Mheshimiwa Usi alikuwa ameacha kutabasamu. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Bi Wanu, kila linalosemwa hapa linaingia kwenye kumbukumbu. Hilo la mume wako, liingie kama ulivyolisema?"

"Kama nilivyolisema."

Alipofika nyumbani alasiri ile, Kheir alikuwa amekaa kizingitini. Duka alikuwa amelifunga mapema, na simu yake ilikuwa juu ya goti, kioo kikiwa chini.

"Sabri amenipigia," alisema. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimesema kweli."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza," Wanu alisema. "Na hapa nyumbani ninyamaze vile vile?"

Mwanamke wa jirani alipita na ndoo, akawaamkia kwa sauti ya juu kuliko kawaida, wakamwitikia.

"Mara ya kwanza ilikuwa kweli," Kheir alisema alipokwisha kupita. "Mgeni mmoja aliuliza nani kaishona, nikasema mke wangu, na kweli ulikuwa umeishona wewe. Uso wake ukabadilika. Akatoa pesa bila ya kupatana. Kisha akaja mwengine akauliza vile vile, na yako ilikuwa imeshatoka." Akaigeuza simu, akaigeuza tena. "Neno lilikuwa limeshauzoea mdomo."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie nini? Kuwa mikono yako haiwezi kushindana mbio na ulimi wangu?"

Wanu hakujua akasirike au amhurumie. Kutoka ndani Bi Mwanamkasi alimwita mwanawe aje amshike mkono ampeleke kutawadha. Wawili wale walikaa uani muda mrefu kuliko udhu unavyotaka. Wanu hakusikia waliyosema. Kheir alirudi macho mekundu, akala chakula chake, na siku ile na zilizofuata hakumsemesha mkewe ila kwa la lazima.

Zilikuwa wiki mbaya. Kwenye baraza anayokaa Kheir baada ya Alasiri kunywa kahawa, mtu mmoja aliivua kofia yake mwenyewe akaiinua juu, akamuuliza, "Yakhe Kheir, na hii kashona mkeo?" Watu wakacheka, Kheir akacheka nao, na hakurudi tena pale. Katika kikundi, wawili waliacha kuja. Mmoja alituma salamu kuwa mumewe amemkataza kukaa na mwanamke anayetangaza mambo ya nyumba yake. Wanu alizipokea salamu zile, akaendelea kushona. Hakujutia neno hata moja, lakini alikuwa akiichungulia njia kila jioni kuona mumewe anavyotembea, na alitembea kama mtu aliyezeeka.

Siku moja alimpelekea chakula dukani, kama alivyokuwa akifanya zamani. Rafu zilikuwa zimeanza kuonyesha mbao zake. Kheir alikipokea chakula, akamwambia akae, na kabla Wanu hajakaa vizuri, Sabri aliingia. Alimwamkia kwa adabu.

"Vizuri nimewakuta wote wawili," alisema. "Kheir, mzigo umefika. Idi iko mbele. Mimi sina ubaya na mtu, lakini wenzangu wananiuliza nnampaje mali mtu ambaye nyumbani kwake ndiko tunakochongewa. Nataka barua ndogo tu. Bi Wanu aiandikie kamati kwamba siku ile alitaharuki, aliyoyasema kuhusu duka hakuyahakikisha. Basi. Kesho nalijaza hili duka."

Lilikuwa duka la Kheir, lilikuwa jina la Kheir, na Wanu alikuwa ameshasema yake mara moja mbele ya taa nyekundu. Alimwacha mumewe ajibu, na kungoja kule kulimuuma kuliko kicheko cha Chukwani.

Kheir alikifunika chakula polepole.

"Mke wangu alisema kweli mbele ya wakubwa," alisema. "Mimi nilimwambia uongo mteja. Kama kuna mtu wa kuandika barua, ni mimi. Na hiyo nitakayoandika mimi hutoipenda, Sabri."

"Utauza nini?"

"Hizo hizo za mashine, kwako au kwengine. Nitaziita za mashine. Kama hutaki kunipa, usinipe."

Sabri alimtazama kama anayemtafuta Kheir mwengine nyuma ya huyu. Kisha akatikisa kichwa, si kwa dharau. "Haya bwana. Mungu akusahilishie," alisema, akatoka.

Nje watu walikuwa wanapita na mifuko yao, pikipiki inapiga honi ipishwe kwenye uchochoro. Kheir alikifunua chakula.

"Kaa tule," alisema. "Peke yangu sikimalizi."

Idi ile haikuwa na nguo mpya nyumbani kwa Kheir, na Sumaiya aliomba chuoni alipe ada kwa mafungu. Duka lilibaki wazi. Kheir alipata kofia chache za mashine kwa mtu mwengine, akazipanga upande mmoja, akaandika juu yake kwa mkono, kwa herufi kubwa, jina lake hasa: za mashine. Wapo walioingia wakasoma wakatoka. Wapo walioingia wakasoma, wakanunua kwa bei yake, wakaondoka wameridhika. Upande wa pili aliweka kofia za wanawake wa kikundi, na walioziuliza walikuwa wachache, lakini walikuwa wanauliza na kukaa.

Kanuni zilipotoka, Nassra alikuja mbio kutoka mjini, karatasi mkononi, na alikuwa analia tangu njiani, ila mara hii hakukasirika. Waliomba mengi kuliko waliyopata. Jina la kofia ya Zanzibar halikulindwa. Liliachwa lijadiliwe wakati mwengine, na wote walijua wakati mwengine ni mbali. Nani atakayepita madukani kukagua, hakuna aliyeandika. Lakini kofia zilikuwa zimeingia, kati ya ukili na viungo, na kifungu chake kilisema kila kofia inayouzwa Zanzibar iwe na lebo ndani yake, ieleze kama imeshonwa kwa mkono au kwa mashine, na ya mkono itaje aliyeishona.

"Itaje aliyeishona," Wanu alirudia. "Hilo hatukuliomba."

"Hukuliomba?" Nassra alisema. "Shoga yangu, siku ile kule Chukwani ulisema kitu gani kingine?"

Jumapili iliyofuata ukumbi wa nyumba ya Mpendae haukutosha. Wale wawili walioacha walirudi, wakakaa karibu na mlango, na hakuna aliyewauliza. Kheir ndiye aliyejitolea kwenda kuchapisha lebo, maana alimjua mchapaji, basi alikaa kwenye kiti katikati ya wanawake, daftari gotini, amejiinamia kama mwanafunzi mgeni.

"Mstari wa kwanza ni rahisi," alisema. "Imeshonwa kwa mkono, Unguja. Wa pili niandike nini? Jina la kikundi?"

Wengi walisema ndiyo, la kikundi linatosha. Mmoja alisema yeye anaona haya jina lake likae kichwani mwa mwanamume asiyemjua. Wakacheka. Bi Mwanamkasi aliugonga mkeka kwa kiganja.

"Ile kofia yangu ya mwisho," alisema, "niliyoiacha macho yaliponikatalia. Nani kaimalizia?"

"Mimi, mama," Wanu alisema. "Iko dukani."

"Kofia zangu zimevaliwa na makadhi. Zimevaliwa na mabwana harusi mpaka ng'ambo, Ngazija. Hakuna mmoja aliyejua kavaa mkono wa nani, na mimi nilidhani ndivyo ilivyo." Akaugeuza uso wake kwenye sauti ya mwanawe. "Kheir, andika majina."

Kheir akaandika, akasoma kwa sauti: "Mama Kheir."

"Hilo nimelipata kwako. Langu alinipa baba yangu, kabla wewe hujafikiriwa. Andika Mwanamkasi binti Ame, wa Makunduchi."

Kalamu ya Kheir ililikata, ikaandika upya. "Mwanamkasi binti Ame," alisoma. "Wa Makunduchi."

"Na huyo aliyeimaliza."

Kheir aliinua macho akamtazama mkewe. Wanu alikuwa na sindano mkononi, na kwa mara ya kwanza toka wakae alikuwa hashoni.

"Wanu binti Ahmada," alisema Kheir, akaandika bila kuuliza linavyoandikwa.

"Faiza binti Nahodha," alisema aliyekuwa anaona haya, kwa sauti iliyoanza chini ikapanda. Kisha wa pembeni yake akasema lake na la baba yake, na wa mlangoni, na Nassra, na wengine wakawa wanasema kwa pamoja, majina ya wazee waliokufa zamani yakajaa ukumbini, hata Kheir akainua mkono akawaomba waende polepole, maana anataka kuyaandika yote sawasawa.